Floraidi ya Mlima Meru na Hesabu ya Maandiko: Namna ya Kujua Sayansi Imefika Wapi

Chukua mfano wa mama mkazi wa kata ya Daraja Mbili, katika Jiji la Arusha, anayempeleka mwanawe wa miaka minane kliniki ya meno. Meno ya mbele ya mtoto yameota yakiwa na mabaka meupe kama chaki na michirizi ya kahawia. Mama anaeleza kwamba mtoto hupiga mswaki asubuhi na jioni, na kwamba hadi alipofikia umri wa kuanza shule alilelewa kwa bibi yake, Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Kisha anauliza: “Sista, haya ni maji au ni magadi? Na mdogo wake, ambaye bado yuko kwa bibi, naye atakuwa hivi?”

Mhudumu wa afya anayefanya kazi Arusha hawezi kulikwepa swali hilo. Lakini jibu lake kamili halimo katika kichwa cha mtu mmoja, wala katika kitabu kimoja. Limetawanyika katika makala za kisayansi zilizoandikwa kwa muda wa miaka zaidi ya sitini, katika majarida ya fani mbalimbali, kwa lugha ya Kiingereza. Muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni ana dakika chache tu za kujua ni nini kimekwisha kuthibitishwa, nini bado kinabishaniwa, na nini hakijachunguzwa vya kutosha.

Iko taaluma inayoshughulikia jambo hilo. Huitwa bibliometria, yaani upimaji wa maandiko ya kisayansi kwa njia ya hesabu. Wengi huijua kwa sababu ya kupanga vyuo na watafiti kwa madaraja, nani wa kwanza na nani wa mwisho. Hata hivyo, kazi yake yenye manufaa makubwa zaidi kwa mgonjwa ni nyingine: kuonyesha elimu juu ya tatizo fulani iko wapi, imepitia njia gani, na imeacha pengo gani. Floraidi ya Mlima Meru ni mfano mzuri wa kuifahamu kazi hiyo pamoja na mipaka yake.

Kazi saba, majarida saba

Mwaka 1964, P. Grech na Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa na baadaye kujulikana duniani kwa elimu ya lishe, waliandika juu ya florosisi katika eneo la kaskazini mwa Tanganyika. Florosisi ni madhara yanayoupata mwili, hasa meno na mifupa, kwa kuingiza floraidi kupita kiasi. Makala yao ilitoka katika jarida la Uingereza la tiba ya nchi za joto, Transactions of the Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene. Mwaka 1967 wawili hao walichapisha kazi nyingine kuhusu madhara hayo katika American Journal of Public Health, jarida la afya ya jamii la Marekani.

Wanajiolojia nao walifika mlimani. Mwaka 1984, Nanyaro, Aswathanarayana na wenzao walieleza katika Journal of African Earth Sciences chanzo cha floraidi nyingi katika maji ya eneo hilo. Miamba ya volkano na majivu yake hutoa floraidi polepole kadiri maji yanavyopita. Katika mito waliyoipima, floraidi ilikuwa kati ya miligramu 12 na 26 kwa lita. Katika chemchemi, kati ya 15 na 63. Na katika madimbwi na maziwa ya magadi, yakiwamo ya Momella, ilifika hadi 690. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Baadaye madaktari wa meno walileta jambo jipya. Mwaka 1997, Mabelya na wenzake waliandika katika jarida la Community Dentistry and Oral Epidemiology kuhusu uhusiano wa florosisi ya meno na magadi yanayotumika kulainishia vyakula kama maharage na makande. Mwaka 2009, Vuhahula na wenzake walilitazama tena suala hilo katika Bonde la Ufa la Tanzania, wakipima maji na magadi kwa pamoja, na kazi yao ikatoka katika jarida la Desalination, linalosomwa zaidi na wahandisi wa kusafisha maji. Mwaka 2012, Ghiglieri na wenzake walichapisha katika Hydrology and Earth System Sciences uchunguzi wa maji ya ardhini katika miteremko ya kaskazini mashariki mwa Meru. Mwaka 2018, Chacha na wenzake waliandika katika Applied Water Science juu ya visima vya Arusha yenyewe, na wakaripoti kwamba asilimia 82 ya sampuli za maji ya ardhini walizozipima zilizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita.

Hizo ni kazi saba tu, na zipo nyingine nyingi. Lakini hata katika hizo saba jambo moja linaonekana waziwazi: kila moja imetoka katika jarida tofauti. Tiba ya nchi za joto, afya ya jamii, jiolojia, meno, uhandisi, na elimu ya maji ya ardhini zote zimeugusa mlima uleule. Daktari wa meno anayesoma majarida ya meno pekee atayajua magadi, lakini hatajua ni kwa nini kijiji kimoja kina maji mabaya na jirani yake ana maji mazuri. Mhandisi anayesoma ya uhandisi pekee atajua kuchuja maji, lakini huenda akasahau kwamba floraidi huingia mwilini pia kupitia chungu cha makande.

Hesabu ilianzaje

Mtawanyiko huo una kanuni yake. Mwaka 1934, Samuel Bradford, mkutubi wa Uingereza, aligundua kwamba makala za somo lolote hujikusanya kwa wingi katika majarida machache ya msingi, halafu zilizobaki husambaa katika majarida mengi sana, kila moja likiwa na makala moja au mbili tu. Kabla yake, mwaka 1926, Alfred Lotka alikuwa ameonyesha kwamba waandishi wachache huandika kazi nyingi, na wengi huandika moja tu. Neno lenyewe la bibliometria lilipata umaarufu katika Kiingereza kupitia Alan Pritchard mwaka 1969.

Hatua kubwa ililetwa na Eugene Garfield wa Marekani. Mwaka 1955 alipendekeza, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikatoa, faharasa ya marejeo ya sayansi. Wazo lake lilikuwa rahisi. Kila makala ya kisayansi huishia na orodha ya kazi zilizotegemewa na mwandishi. Kwa kuisoma orodha hiyo, msomaji hurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Garfield aliigeuza njia hiyo: ukishika makala ya zamani, faharasa inakuonyesha ni nani waliokuja kuirejelea baadaye. Msomaji akaweza kwenda mbele na nyuma katika ukoo wa maandiko, kama mtu anayeuliza mtoto ni wa nani, kisha akauliza wajukuu ni akina nani.

Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Scopus na Google Scholar, zote zilizoanzishwa mwaka 2004, huhifadhi mamilioni ya makala pamoja na marejeo yao. PubMed ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani hutafutwa bila malipo, ingawa imejikita katika tiba na sayansi za uhai, hivyo anayeitegemea peke yake anaweza kuzikosa kazi za wanajiolojia na wahandisi. Programu kama VOSviewer, iliyotengenezwa Leiden, Uholanzi, huchora ramani ya maneno na waandishi: maneno yanayotokea pamoja mara nyingi huwekwa karibu, na yasiyokutana huwekwa mbali. Kwa ramani ya namna hiyo, mtafiti huona makundi ya mazungumzo ya kisayansi, na huona pia makundi ambayo hayazungumzi.

Kufuatilia mwendo wa somo

Maandiko ya floraidi ya kaskazini mwa Tanzania yakipangwa kwa miaka, mwendo wa maswali unaonekana. Kwanza waandishi waliuliza: ugonjwa huu ni nini, na umewapata nani? Kisha wakauliza: floraidi inatoka wapi? Kisha: mbali na maji, inaingia mwilini kwa njia gani nyingine? Na hatimaye: tuiondoeje?

Swali la mwisho ndilo lililozaa kazi nyingi za miaka ya karibuni. Katika Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara inayohusika na maji, njia kadhaa zilichunguzwa, ikiwamo ile ya shabu na chokaa iliyotoka India, na ile ya mkaa wa mifupa. Katika njia hii ya pili, mifupa ya mifugo huchomwa kwa joto kali lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembechembe, na maji hupitishwa humo. Fosfati ya kalsiamu iliyomo katika mfupa huinasa floraidi. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio linalochanganya mchanga na vitu vyenye chembe ndogo mno zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Hapo ndipo bibliometria inapoleta swali la maana kwa Idara ya Afya. Kati ya makala za kuondoa floraidi, ni ngapi zilizofanyika katika bomba la maabara, na ni ngapi zilizofuata kaya kwa mwaka mzima kuona kama chujio bado linatumika, nani analibadilisha linapochoka, na mtoto mdogo anakunywa maji gani hasa? Chujio la mkaa wa mifupa hushiba. Lisipobadilishwa, maji hupita nalo likiwa bado ndani ya ndoo, na familia ikaamini kwamba imekingwa. Kuhesabu makala kwa namna hiyo, kwa kuzigawa kulingana na swali zinalojibu, kunasaidia zaidi kuliko kuzihesabu kwa jumla. Anayetoa fedha za utafiti, na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, wote wawili hupata mwongozo.

Vipimo na mitego yake

Pamoja na manufaa hayo, vipimo vya maandiko vimetumiwa pia kwa kazi ambazo haviwezi kuzimudu. Viwili ndivyo husikika zaidi.

Cha kwanza ni kipimo cha athari cha jarida. Huchukuliwa idadi ya marejeo yaliyopatikana mwaka huu kwa makala za jarida za miaka miwili iliyopita, ikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Jarida lililotoa makala 100 katika miaka miwili, zikarejelewa mara 250 mwaka uliofuata, lina kipimo cha 2.5. Garfield alikiunda ili kimsaidie kuchagua majarida ya kuingiza katika faharasa yake. Hakikuundwa kumpima mtafiti mmoja mmoja. Wastani wa jarida hausemi lolote kuhusu makala moja iliyomo ndani yake, kama vile wastani wa uzito wa watoto wa wodi usivyomwambia daktari kipimo cha dawa cha mtoto aliye mbele yake.

Cha pili ni kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye makala 20, nane kati yake zikiwa zimerejelewa angalau mara nane kila moja na nyingine hazijazidi hapo, ana h ya 8. Kipimo hicho humpendelea aliyeanza zamani, na mwenye fani yenye waandishi wengi. Kijana anayechunguza maji ya vijiji vichache vya Arumeru hawezi kushindana nacho, hata kama kazi yake itaokoa meno ya kizazi kizima cha vijiji hivyo.

Zaidi ya hapo, kurejelewa hakuna maana moja. Mwaka 1995, jaribio lililofanyika mkoani Mwanza, likaripotiwa na Grosskurth na wenzake katika jarida la The Lancet, lilionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Mwaka 1999, katika jarida hilohilo, Maria Wawer na wenzake waliripoti kutoka Rakai, Uganda, kwamba kuwatibu watu wote wa jamii kwa mkupuo hakukupunguza maambukizi ya VVU. Waandishi waliofuata walizirejelea kazi zote mbili, wengine kuikubali moja, wengine kueleza kwa nini zilitofautiana: hatua ya mlipuko katika kila eneo, na njia ya matibabu iliyotumika. Hesabu ya marejeo ingesema tu kwamba zote mbili ni mashuhuri. Anayetaka kujua afanye nini kituoni hana budi kuzisoma.

Wakati mwingine makala hurejelewa kwa sababu ilikuwa na kosa. Ile ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa rasmi na The Lancet mwaka 2010, lakini maelfu ya waandishi wameitaja, wengi wao kwa kuikanusha. Wazazi waliosikia habari yake ya kwanza bila kusikia ya pili waliwanyima watoto wao chanjo.

Na wakati mwingine kazi njema hukaa kimya kwa muda mrefu. Katika jarida lilelile lililokuja kuchapisha florosisi ya kaskazini mwaka 1964, daktari Marion Robinson alikuwa ameeleza, mwaka 1955, ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo uliozuka mwaka 1952 na 1953 katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Ugonjwa huo uliitwa kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Kwa miaka mingi ulibaki shughuli ya wataalamu wachache wa virusi. Mwaka 2005 na 2006 ukakipiga kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, na kuambukiza takribani theluthi moja ya wakazi wake. Ghafla maelezo ya kitabibu kutoka Newala yakawa yanatafutwa na madaktari wa dunia nzima. Mtaalamu wa Leiden, Anthony van Raan, mwaka 2004 alikuwa amezipa makala zinazochelewa kutambuliwa jina la binti wa hadithi aliyelala miaka mia. Kamati ambayo ingeipima kazi ya namna hiyo kwa marejeo ya miaka yake miwili ya kwanza ingeiona haina thamani.

Kwa sababu hizo, wanasayansi wenyewe wamejiwekea miiko. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 linawataka waajiri na wafadhili wasitumie kipimo cha athari cha jarida kumpima mtafiti. Ilani ya Leiden, iliyotolewa mwaka 2015 katika jarida la Nature, ina kanuni kumi, na mojawapo inaigusa Arusha moja kwa moja: kulinda ubora wa utafiti wenye umuhimu kwa mahali unapofanyika, ukiwamo ule unaoandikwa kwa lugha zisizo za Kiingereza.

Kisichohesabiwa

Nchini Tanzania jambo hili si la nadharia. Mwaka 2022, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza tuzo za fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya juu duniani. Ni heshima inayostahili, na inawapa vijana ari. Lakini jarida la hadhi ya juu huchagua linalowavutia wasomaji wa dunia. Matokeo ya visima vya kata moja, yawe sahihi kiasi gani, yana nafasi ndogo huko. Nafasi yake ni katika majarida ya nyumbani, kama Tanzania Journal of Health Research la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, au Tanzania Dental Journal. Mengi ya majarida ya Afrika hayamo katika faharasa kubwa. Ili yaonekane, mwaka 1998 ulianzishwa mkusanyiko wa mtandaoni wa African Journals Online, unaotoa makala za majarida yanayochapishwa barani. Anayetafuta kuhusu afya ya Mtanzania bila kufika huko ameacha sehemu ya ghala bila kuifungua.

Kuna maandiko mengine ambayo hayahesabiwi kabisa, nayo huwagusa watu wengi zaidi. Mwaka 1974, Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi katika maji ya vijijini cha miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa vyanzo vingi havikuweza kufikia kiwango cha kimataifa na wananchi walihitaji maji. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na kisha 1.5. Waraka wa viwango haupati marejeo kama makala, lakini huamua kisima kipi kifungwe na kipi kiendelee. Vivyo hivyo ripoti za wataalamu wa maji, daftari la kituo cha afya, na somo analolitoa muuguzi kwa akina mama asubuhi kabla ya kliniki. Kipeperushi cha Kiswahili kinachomweleza bibi wa Maji ya Chai kwa nini asimpikie mjukuu kwa magadi hakimwongezei mwandishi wake hata alama moja ya h.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame

Mhudumu wa afya anaweza kuitumia bibliometria kwa simu yake mwenyewe, bila programu ya gharama. Kwanza, atafute kwa maneno zaidi ya moja: jina la ugonjwa, jina la kemikali, na jina la mahali, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Neno magadi, kwa mfano, limeingia katika vichwa vya makala za Kiingereza kama lilivyo. Pili, atafute katika ghala zaidi ya moja: PubMed kwa tiba, Google Scholar kwa fani zote, na African Journals Online kwa kazi za nyumbani. Tatu, akipata makala moja nzuri, asiishie hapo. Asome orodha yake ya marejeo ili arudi nyuma, na afungue kiungo cha waliomrejelea mwandishi ili aende mbele. Nne, aangalie kama makala imefutwa. Taarifa hiyo huwekwa juu ya ukurasa wake katika jarida na katika PubMed. Tano, atazame sampuli zilichukuliwa wapi na lini. Asilimia 82 ya mwaka 2018 ni ya sampuli zile, za visima vile. Maji ya bomba ya leo mtaani yanapaswa kuulizwa kwa mamlaka ya maji, na maji ya kisima binafsi yanapaswa kupimwa maabara.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Anapoletewa ujumbe wa simu unaosema utafiti umethibitisha jambo, anaweza kumwuliza mhudumu: umefanywa na nani, kwa watu wangapi, na je, wengine wameupata vilevile? Maswali hayo matatu ndiyo yaleyale wanayoyauliza wataalamu wa hesabu ya maandiko.

Sasa muuguzi anaweza kumjibu mama wa Daraja Mbili. Maji na magadi vyote vinaweza kuwa chanzo, wala havipingani. Floraidi huathiri jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, kuanzia utotoni hadi takribani miaka minane. Mswaki hauwezi kuyaondoa mabaka hayo, lakini daktari wa meno anaweza kuyapunguzia rangi au kuyafunika. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Dawa ya klorini huua vijidudu, lakini haiigusi floraidi. Kuhama kwa mtoto huyu kutoka kwa bibi kumekuja baada ya meno yake ya mbele kujengwa.

Lakini mdogo wake ana mwaka mmoja. Meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanaanza kujengwa. Kama bado ananyonya, aendelee, kwa kuwa maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi. Maji yake ya kunywa na ya uji yatoke katika chanzo kilichopimwa, au yawe ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au yapite katika chujio la mkaa wa mifupa linalobadilishwa kwa wakati. Chakula chake kipikwe bila magadi. Maharage yalowekwe usiku kucha badala yake.

“Basi nitampigia bibi leo,” mama anasema. Muuguzi anamwandikia kwenye karatasi mambo matatu: maji, magadi, chujio. Karatasi hiyo haitaingia katika faharasa yoyote. Nyuma yake yamo maandiko ya zaidi ya miaka sitini, na kipimo chake kitaonekana mtoto atakapofikisha miaka saba na kuota meno ya mbele.